Mabuti ya ngozi katika matope ya Ngezi

Mabuti niliyonayo nilipewa na mgeni niliyemtembeza katika Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa Pemba, siku alipokuwa akifunga mizigo yake kurudi kwao. Yalikuwa ya ngozi, yasiyopitisha maji, yamekwisha kuvaliwa lakini bado mazima. Mimi nilizoea mabuti ya mpira, ambayo ukiyamwagia ndoo moja ya maji umemaliza, kwa hiyo sikujua kwamba ngozi ina matunzo yake.

Masika ya kwanza niliyaosha kwa sabuni ya unga, nikayaweka juu ya bati tangu asubuhi hadi alasiri. Niliyateremsha yamekakamaa kama ng'onda, ngozi imepasuka kwenye mkunjo wa vidole na soli ya mguu wa kulia imeanza kuachia kwa mbele, kwa kuwa gundi ilishindwa na joto. Ili kuyalainisha, nikayapaka mafuta ya nazi. Yalipendeza kwa siku chache tu. Baada ya wiki mbili chini ya kitanda yalikuwa yameota ukungu wa kijivu mpaka ndani ya ulimi, na harufu ya mafuta yaliyochacha ilijaa chumba kizima.

Nilipoyapeleka kwa fundi wa viatu pale Konde, aliyageuza geuza, akauliza, "Mwanangu, kiatu nacho huanikwa kama mpunga?" Aliishona soli kwa uzi mnene, akaniagiza niuondoe ule ukungu kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, kisha nisiyaguse tena kwa mafuta ya jikoni.

Tangu hapo, nikirudi msituni huchomoa kamba na soli za ndani, nikauacha udongo ukauke kidogo ili niupukute kwa brashi, halafu nikasugua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo sana, huku mswaki mkuukuu ukipita kwenye mishono, mahali ambapo mchanga hujificha na kuukata uzi polepole. Tukiwa tumepita kwenye mikoko, huyafuta kwa maji baridi siku hiyo hiyo, kwani chumvi ikikaukia kwenye ngozi huacha mistari myeupe na kuifanya iwe ngumu. Kisha huyajaza magazeti, nikayaweka barazani kivulini penye upepo na kubadilisha magazeti kila yanapolowa. Wakati wa masika kazi hiyo huchukua siku mbili, wakati mwingine tatu, na hakuna njia ya mkato.

Jambo lililonichelewesha kuelewa ni kwamba mabuti haya yana utando mwembamba ndani, ambao huzuia maji kuingia lakini huruhusu mvuke wa jasho kutoka. Ngozi ya nje ikilowa chapachapa, mvuke hukosa pa kupitia na soksi hulowa kwa jasho. Nami kwa muda mrefu niliamini kwamba mabuti yanavuja, nikawa naongeza mafuta, ambayo yalizidi kuziba. Siku hizi hutumia nta ya nyuki, ambayo huinunua kwa warina asali, nikaipaka nyembamba juu ya ngozi iliyo safi na kavu, na kuisugua kwa kitambaa mpaka ipate joto na kuingia. Kila baada ya wiki tano au sita inatosha, isipokuwa mvua ikizidi.

Hata pasipokuwa na wageni huyavaa kwenda shamba. Mwenzangu mmoja aliyaficha ya kwake ndani ya boksi kwa miaka kadhaa ili yasichakae, na siku alipoyavaa soli zilimeguka kama mkate mkavu, kwa sababu baadhi ya soli za plastiki laini huozeshwa na unyevu wa hewa hata zikikaa bure.

Ufa wa mguu wa kulia haujapona, wala hautapona. Ndipo ninapoanzia kupaka nta.