Joho la Babu wa Watu na Suruali ya Marinda

Ami yangu alikuwa fundi cherehani Mkunazini, mjini Unguja, na likizo za skuli nilizimalizia kwake: napiga pasi ya makaa, natia vifungo, natumwa kahawa. Alichokuwa akishona ni kanzu za Idi, sare za skuli na suruali za watu wa ofisini. Kwa hiyo siku ile ya mwaka 1994, yule mama alipotua furushi lake juu ya meza ya kukatia na kulifungua, hata wazee waliokuwa wakicheza bao pale barazani walisita.

Ndani ya shuka mlikuwa na joho jeusi, suruali ya kike ya marinda, kanzu fupi ya hariri ya rangi ya zambarau iliyoiva, na barakoa, ile ya kufunika uso waliyokuwa wakivaa mabibi wa zamani. Duka zima lilinuka kafuri na udi. Mama akaeleza shida yake. Binti yake anaolewa Mfunguo Mosi, na anataka suruali na kanzu vitanuliwe vimkae bibi harusi, maana marehemu aliyezivaa alikuwa mwembamba kama njiti. Zile zari za joho, nyuzi zake za kung'aa, nazo zing'olewe, zipachikwe kwenye gauni la siku ya kupamba.

"Nguo za bibi mzaa bibi hizi," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka na duka la pili wasikie. "Enzi za Sayyid Ali bin Hamud."

Sayyid Ali, sultani wa Zanzibar, alikaa kitini kuanzia 1902 mpaka alipojiuzulu 1911. Mwenyewe alisomeshwa Uingereza na suti za Kizungu alizijua vizuri, lakini matajiri wa mjini walikuwa bado wanatoka kwa kanzu, kilemba, jambia kiunoni na joho la sufu juu yake. Sufu, kwa joto lile la Unguja! Mimi nilikuwa navaa shati moja na bado jasho linanitiririka, na hapo nilianza kufahamu kuwa nguo ile haikushonwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka.

Ami hakumjibu mama. Alilipindua joho nje ndani, kama alivyozoea kufanya na nguo yoyote kabla ya kusema bei. Akachukua sindano, akainua uzi mmoja wa zari pale kwenye ukosi, akaniita niangalie. Katikati mlikuwa na uzi wa hariri ya manjano. Juu yake umezungushwa utepe wa madini mwembamba kuliko unywele, umekaa sambamba mzunguko kwa mzunguko, na pale ulipokuwa umechubuka weupe ulionekana chini ya rangi ya dhahabu.

"Fedha hii," akasema. "Imepakwa dhahabu. Zari za siku hizi ni plastiki tupu, ukipiga pasi zinayeyuka."

Mama akatabasamu. "Sonara kesha niambia. Ataka kuzinunua kwa uzani."

"Atazitia moto, mama. Hariri iungue, fedha ibaki, aiyeyushe afanye pete. Wewe utabaki na gwanda."

Wazee wa barazani wakacheka. Mama hakucheka.

Ami akaendelea kulikagua joho, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo mpaka leo sijaliacha: nguo ukitaka ikwambie habari za mwenyewe, angalia ilipochakaa. Mabega mazima. Viwiko vizima. Pindo la chini halina alama ya tope wala uzi uliofumuka. Kwa ndani tu, usawa wa kitovu, sufu ilikuwa imelika mistari miwili, ndipo ala ya jambia ilipokuwa ikisugua. "Huyu bwana hakuwa mtembeaji," ami akasema, "huyu alikuwa na punda." Matajiri wa zama zile walipanda punda weupe wa Maskati, wengine wakiwapaka hina wakawa wekundu. Punda anapendeza, bwana juu anapendeza, na mtu wa kumshika hatamu anakwenda kwa miguu mbele.

Suruali ilikuwa na habari nyingine. Mguuni ilibana mpaka nikajiuliza unyayo unapita vipi, halafu pale chini yanatoka marinda, mkunjo juu ya mkunjo, yamesimama yenyewe. Nilijaribu kutafuta mshono wa cherehani nisiuone. Kazi yote ya mkono, na mishono midogo kiasi kwamba niliitambua kwa kucha kuliko kwa jicho. Nyuma haikuchakaa. Magotini ndiyo, kitambaa kimekuwa chepesi kama ngozi ya kitunguu: swala tano za mtu, kila siku, miaka mingi. Yule bibi nilianza kumpenda kutokana na magoti yale.

Wakati huo akaingia bibi mmoja wa Kilamu aliyeolewa Unguja tangu usichana. Alikuwa akishona kofia za viua na kumwachia ami amuuzie. Alikuja kuchukua hesabu yake. Akaiona barakoa, akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza upande wa ndani ambao hugusa uso.

"Haya mie nnayajua," akasema. "Bibi yangu alikuwa mshika shiraa."

Mimi nikauliza shiraa ni nini. Akanieleza kuwa Lamu, mke wa mwungwana akitaka kwenda kutazama wagonjwa au arusini hakutoka hivi hivi. Alitembea ndani ya kitambaa kikubwa kama hema dogo, kilichoinuliwa kwa vijiti, na waliobeba ni wajakazi. Wao uso wazi, kichwa wazi, wamejifunga kaniki. Bwana wa watu haonekani mkewe, na kila mtu njiani anajua huyo ni mke wa nani.

"Na bibi yako alishika mpaka lini?" ami akauliza.

"Mpaka Waingereza walipokomesha utumwa, alfu na tisa mia na saba. Akashika njia yake." Akaigeuza tena barakoa. "Na hizi vilevile ni wao walioshona. Mchana anashona, jioni anashika."

Mama mwenye furushi akaanza kukunja shuka. "Hayo yamepita, bibi."

"Yamepita, mwanangu. Mie nasema kazi ya nani tu. Ukisifu biriani, mpishi naye atajwe."

Pakawa kimya kidogo. Sisemi kuwa mama yule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na kitu kizuri cha kwao na alitaka mwanawe akivae, nani asingetaka? Ila kila ninapoona watu wakipeana zile picha za zamani, za studio ya Gomes na wenziwe, bibi kakaa kitini na barakoa, kanzu ya hariri, mikufu kifua kizima, halafu chini wameandika "heshima ya mama zetu", jicho langu huenda kwa msichana aliyesimama pembeni, miguu mitupu, kajifunga kitambaa kimoja. Yeye pia ni mama wa watu. Unguja utumwa ulipofutwa kwa amri ya 1897, masuria wakisubiri mpaka 1909, wanawake wengi wa namna yake waliiacha kaniki na merikani wakajifunga kanga za rangi, doti kwa doti, na baadaye wakavaa buibui, wakajisitiri kama mabibi waliokuwa wakiwatumikia. Mabibi nao wakaingia kwenye buibui hilo hilo. Barakoa ikarudi sandukuni. Mimi kwangu hiyo ndiyo habari kubwa ya mavazi ya zama zile, kuliko zari zote za joho.

Basi ami akatoa shauri lake. Joho haligusi, na suruali hatanui: hariri ya umri ule ukiitia mkasi inafumuka yote, na pesa za watu hataki kuzila bure. Lakini atachukua kigezo. Akatandika magazeti mezani, akailaza suruali juu yake bila kuitoboa hata pini, akaifuata kwa penseli ya rangi, mguu, kibano, mpaka kwenye mwanzo wa marinda. Hapo akakwama. Mikunjo ile haikuwa na hesabu aliyoijua, na kila akijaribu kwa kipande cha bafta, marinda yanalala kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua.

Bibi wa Kilamu alikuwa bado yupo, anahesabu pesa zake za kofia. Akamtazama anavyohangaika, kisha akamnyang'anya kile kipande. Akatia uzi, akakusanya kitambaa kwa kidole gumba, akavuta, akakaza, akapiga mshono wa kuzuia kila baada ya mikunjo kadhaa. Alipokiachia, kikasimama.

"Nani kakufunza?" ami akauliza.

"Nani tena?"

Mama akaomba, sasa kwa adabu, bibi amshonee bintiye marinda yote. Bibi akataja bei. Ami akapiga mluzi. Ilikuwa zaidi ya ujira wake yeye wa suruali nzima pamoja na kanzu.

"Bibi, punguza kidogo, ni harusi," mama akasema.

"Bibi yangu aliwashonea bure," akajibu. "Mie si bure."

Mama akatoa pochi, akalipa nusu pale pale.

Harusi ilikwenda vizuri. Bibi harusi alivaa marinda usiku wa kupamba, saa moja hivi, kisha akabadilisha akavaa gauni jeupe la kukodi. Hiyo saa moja ilitosha. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wamekuja wengine dukani, wote wanataka suruali kama ile, na ami akawa anawaambia bei yake kwanza, halafu anawaelekeza nyumba ya bibi wa Kilamu wakasikie bei ya marinda, ambayo ilikuwa imekwisha panda.