Usiku wa fungu la Gazi

Siku ile maji yalijaa saa kumi jioni, na saa kumi jioni sisi tulikuwa bado mbele ya Diani. Yote yaliyotupata yalianzia hapo.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari 2016, bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu. Mashua ilikuwa yetu, futi 22, tanga moja. Mimi nilishika usukani, mume wangu tanga. Tulipanga siku ya kwanza tulale Gazi kwa shangazi yangu, ya pili tufike Wasini kwa wakwe zangu. Kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa hadi Gazi ni kama maili 24 za bahari, na kwa kaskazi ya mchana mashua kama ile huenda maili 4 kwa saa. Ukitaka kuingia saa tisa, maji yakiwa bado na saa nzima ya kujaa, ng'oa nanga saa tatu asubuhi. Sisi tuling'oa saa sita. Halua ya kumpelekea shangazi ilikuwa bado jikoni, na halua haiharakishwi. Tungekwenda bila halua.

Tulipopita Ngome na Ras Serani, mume wangu akalegeza demani, kamba ya kuzuia tanga, upepo ukakaa tezini, nyuma ya mashua, na mawimbi ya mwamba tukayaacha mkono wa kulia. Njia hii ni ya zamani. Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walipoipoteza mwaka 1837, tawi moja lilihamia Gazi, jingine Takaungu. Tiwi tuliitambua kwa mibuyu ya Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Hadi kisiwa cha Chale hapakuwa na kazi ila kukaza macho.

Ugumu uko mlangoni. Ghuba ya Gazi imefunguka upande wa kusini, kwa hiyo kaskazi iliyokubeba mchana kutwa inakugeukia usoni, na huna budi kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo. Tanga letu halipindui omo, mbele ya mashua, kwenye upepo, maana litajibana na mlingoti. Lazima ugeuke ukiupa upepo tezi, ulegeze demani, uvushe foromali, mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti, kisha ukaze upande wa pili. Kila mgeuko unakula nafasi, na upepo unakusukuma kwenye mafungu ya mchanga ya magharibi. Maji yakiwa yanajaa, ukigusa mchanga unangoja dakika chache unaelea. Yakiwa yanakupwa, hesabu ni nyingine. Gawa kina chote cha kupwa sehemu 12: saa ya kwanza inaondoka 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, kisha 2, kisha 1. Bamvua likiwa la mita 3 na nusu, saa ya tatu peke yake inaondoa karibu sentimita 90. Sisi tuligusa saa kumi na mbili, saa ya tatu ndiyo kwanza inaanza. Tulisukuma kwa pondo, mti mrefu wa kusukumia, mara mbili, mashua haikutikisika.

Tanga likashushwa kwanza, lisizidi kutupandisha. Mume wangu akaibeba nanga kwa miguu, maji ya kifua, akaizika upande wenye kina na amari, kamba ya nanga, yote pima 15. Tulikuwa na madumu manane ya lita 20, maji ya kunywa ya kupeleka Wasini, kisiwa kisicho na chemchemi. Tukayahamishia ubavu wa kuelekea mchanga wa juu. Mashua ilalie huko daima. Ikilalia upande wa kina, maji yakirudi yanaingia kabla haijainuka. Chini ya ubavu tukatandika magunia.

Saa moja mkuku, boriti ya chini ya mashua, ulikuwa mkavu, na mbalamwezi ikaonyesha jambo tulilolitafuta wiki nzima. Ngama, tumbo la ndani la mashua, ilikuwa na maji, basi maji yale yakaanza kutiririka nje kupitia mshono wa ubao wa pili kutoka mkukuni. Ukiwa baharini uvujaji kama huo hauonekani, unayafua tu maji kwa upo, chombo cha kuchotea. Tukakwangua pamba ya kuzibia iliyooza, tukasokota mpya unene wa kidole cha mwisho, tukaichovya kwenye sifa, mafuta ya papa, tukaishindilia kwa patasi butu. Usigonge kwa nguvu zote: mbao zikilowa huvimba, na kalafati, yaani pamba hiyo, iliyojazwa mno husukuma ubao utoke kwenye misumari.

Shangazi akapiga simu. "Mwanangu, wali ushapoa. Mko wapi?"

"Shikamoo shangazi. Tuko funguni, tunawaona taa zenu."

"Marahaba. Basi msishuke kuja, matope ya mikoko yatawameza. Nitawaleta vijana."

Saa nne, maji yamekupwa kabisa, vijana wawili wakaja na taa kwa njia wanayoijua wao, na sufuria ya wali wa nazi kichwani.

Saa nane u nusu usiku mashua ikajinyoosha. Tukaivuta amari polepole hadi tukawa juu ya nanga, tukakaa hapo kungoja mwanga. Alfajiri tukaingia kwa pondo, tukafunga karibu na mikoko, tukapanda mjini tukipita nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Ngama ilikuwa kavu.

Shangazi alikifungua kikapu cha halua, akakata kipande, akauliza imetoka jikoni saa ngapi.

Tukamwambia.

"Mngekuja bila," akasema, akampa mume wangu kipande cha kwanza.