Bastola ya babu: kabla hujaitoa kwenye sanduku

Mara nyingi hupatikana kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, imefungwa kwa blanketi, ndani ya mfuko wa ngozi uliokauka hadi ukajikunja. Mazishi yamekwisha, wazee wameketi kugawa fimbo, kigoda na makoti, na kijana mmoja anaichomoa, anashangaa uzito wake, kisha anavuta nyundo kuona kama bado inafanya kazi. Huyo azuiwe papo hapo.

Bastola ya silinda kwa kawaida ina vyumba sita vya risasi. Kila nyundo inapovutwa, silinda huzunguka na kuleta chumba kingine mbele ya nyundo. Kwa hiyo mtu akifyatua mara moja na isilie, hajathibitisha kwamba ni tupu. Amepita chumba kimoja tu, au amegonga risasi moja iliyoharibika, na tano nyingine bado hajazijua. Baruti iliyofungiwa vizuri ndani ya ganda la shaba inaweza kuwaka hata baada ya miaka sitini.

Iache ilipo. Funga chumba, ufunguo ukae na mtu mzima mmoja, watoto wasiingie. Kama tayari ilishatolewa, ilazwe mahali pamoja, mtutu ukielekea ukuta wa nje usio na mtu nyuma yake, na kidole kisikaribie kifyatulio.

Bastola nyingi za umri huo ziliingia Kenya kupitia maafisa wa jeshi, polisi wa kikoloni na walowezi wa mashamba ya Nakuru na Trans Nzoia, na nyingi ni za Kiingereza. Webley Mk VI ya mwaka 1915 ni kubwa, ina uzito wa karibu kilo moja na ushee, na hutumia risasi ya kipimo cha .455. Webley Mk IV na Enfield No. 2, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1932, ni ndogo zaidi na hutumia .38. Zote tatu hukunjika katikati: kitasa cha upande wa kushoto kikisukumwa kwa kidole gumba, mtutu unainama, na nyota ya chuma iliyo katikati ya silinda inainuka na kusukuma risasi zote sita nje kwa pamoja.

Hapo ndipo pana mtego. Risasi iliyokaa miaka mingi huota kutu ya kijani, ikashikamana na ukuta wa chumba chake. Nyota inaruka juu ya ukingo wa ganda, ganda linabaki chini ya nyota, na bastola haifungi wala haifunguki. Mtu anatafuta bisibisi na nyundo ya fundi ili alichokoe, na kitako cha ganda ndicho chenye kiwashio. Kazi hiyo aachiwe mtaalamu wa silaha wa polisi au fundi wa bunduki mwenye leseni.

Kuna Enfield za kuogopwa zaidi. Mwaka 1942, ili kuharakisha utengenezaji wakati wa vita, toleo la Mk I lenye nyota mbili (Mk I**) lilitolewa bila kizuizi cha usalama cha nyundo. Likianguka sakafuni likiwa na risasi, linaweza kulia lenyewe. Kwa macho tu mtu wa kawaida hawezi kulitofautisha na ndugu zake, ndiyo maana nasema tena, isiguswe.

Risasi zilizo kando, kwenye soksi au kopo la kahawa, zinabebwa na sheria ileile. Zisitupwe chooni, zisizikwe shambani, zisitupwe mtoni, na zisichomwe na takataka. Zihesabiwe kwa macho na ziachwe pale zilipo.

Sasa makaratasi, na hapa ndipo familia nyingi zinakosea kwa nia njema. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka kila anayemiliki bunduki au risasi awe na cheti chenye jina lake. Cheti cha babu kilikuwa cha babu. Hakirithiwi kama shamba. Hata kama alikuwa na kitabu chake safi, kumbuka pia kwamba mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye bunduki ahakikiwe upya, kwa hiyo karatasi ya zamani inaweza kuwa ilikufa kabla ya mwenyewe. Itunze hata hivyo, maana ndiyo inayoonyesha silaha iliingiaje nyumbani.

Wengine hujitetea kwamba ni kitu cha kale. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Webley ya 1915 haifiki huko, na Enfield ya 1942 iko mbali zaidi. Usijiamulie mwenyewe kwa sababu chuma kina kutu.

Usiibebe kwenda kituoni. Ukipanda matatu kutoka Mbale ukasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi barabarani kabla ya Mamboleo, maelezo kwamba ulikuwa unaipeleka kwa polisi yatakuja ukiwa tayari umeshikwa na silaha bila cheti. Nenda mikono mitupu, pamoja na chifu au naibu wake ikiwezekana, umwone OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha karibu. Beba cheti cha kifo au kibali cha mazishi, kitambulisho chako, nakala ya kitambulisho cha marehemu na kitabu chake cha bunduki kama kipo. Sema wazi ilipatikana lini, wapi, na nani aliishika. Omba maafisa waje kuichukua nyumbani.

Wakija, usiruhusu iondoke bila maandishi mawili: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na stakabadhi yenye aina ya silaha, kipimo cha risasi, nambari iliyochongwa kwenye fremu, idadi ya risasi na jina la afisa aliyepokea. Waombe wasome nambari ya fremu, ya mtutu na ya silinda moja moja. Zikitofautiana, iandikwe hivyo, maana ni dalili kwamba sehemu ziliwahi kubadilishwa, na swali hilo litakuja tu mbele ya safari. Alama ndogo ya mshale mpana inaonyesha ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyokutanishwa ncha kwa ncha inaonyesha iliuzwa kihalali kutoka jeshini. Alama hiyo ya pili ni ndogo kama punje ya mtama, lakini piga picha wakati afisa ameishika.

Upande wa urithi, bastola ni mali ya marehemu kama ng'ombe na ploti. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kujigawia mali ya marehemu kabla ya kibali cha mahakama. Faini ni hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kuikabidhi kwa polisi ni kuihifadhi, si kuigawa. Mnapopeleka ombi la usimamizi wa mirathi, iwe Kisumu, Nakuru au Kakamega, bastola iandikwe kwenye fomu P&A 5 pamoja na mali nyingine, ikiwa na nambari yake na jina la kituo kilichoihifadhi. Tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30 za pingamizi, na kwa kawaida uthibitisho huombwa miezi sita baada ya cheti cha usimamizi kutolewa. Familia ikiiacha nje ya orodha, mrithi hana karatasi ya kuipeleka kwa Bodi ya Leseni za Bunduki.

Aliyepangiwa na mahakama ndiye anayeomba cheti kwa jina lake, na bodi ina haki ya kumkatalia. Chagueni mapema mtu mwenye rekodi safi, mtulivu, asiye mlevi, mwenye nyumba ya kudumu ambapo sefu ya chuma inaweza kufungwa kwa bolti ukutani. Kifungua mimba si lazima awe yeye. Bodi ikikataa, inaweza kuhamishiwa ndugu mwenye cheti, kuuzwa kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, au kusalimishwa. Ijulikane kwamba silaha zinazosalimishwa huishia motoni: mwaka 2016, zaidi ya 5,000 ziliteketezwa Ngong. Kama familia inataka kumbukumbu, pigeni picha za kutosha kabla ya kufika hapo.

Ikirudi nyumbani kihalali, adui wake mkubwa pande za ziwa ni unyevu, na wa pili ni mfuko wake mwenyewe wa ngozi. Ngozi hunywa maji ya hewani na ina asidi iliyobaki kutoka kutengenezwa kwake, na chuma kikilala humo kinaliwa upande mmoja. Mfuko utunzwe kando. Fundi akikuta mtutu wenye chumvi ya viwashio vya zamani, ataosha kwanza kwa maji ya moto, akaushe, ndipo apake mafuta mepesi, kwa sababu mafuta peke yake hayayeyushi chumvi hiyo na kutu inaendelea chini yake. Mafuta ya kupikia yanaganda kama gundi. Msasa na waya wa kusugulia sufuria vinaondoa ile rangi ya samawati iliyokolea pamoja na alama zilizochongwa, na alama hizo ndizo ushahidi wako. Shika kwa glavu au kitambaa kikavu. Ukisahau, msimu wa mvua ndefu ukifika utaona alama ya kidole gumba chako imetokeza kwenye silinda kwa kutu ya kahawia, mistari yote ikisomeka.