Siku moja kliniki ya moyo: aota na mapigo yasiyo na mpangilio

Saa 1:15 asubuhi. Presha kwanza. Moyo unaodunda ovyo hutoa damu kiasi tofauti kila pigo, na mashine ya kujipima yenyewe hubabaika. Natumia ya kupampu kwa mkono na stetoskopu, mara 3, kisha wastani. Mgonjwa mpya napima mikono yote miwili.

Saa 2:00. ECG, mchoro wa umeme wa moyo. Wimbi P (alama ya vyumba vya juu) halionekani, nafasi kati ya R na R (ncha ndefu za kila pigo) hazilingani: hiyo ni fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka bila mpangilio. Nahesabu R za sekunde 10, nazidisha kwa 6. Zikiwa 19, mapigo ni 114.

Saa 3:00 hadi saa 6:00. Ultrasaundi ya moyo, na hapa ndipo muda mwingi wa siku unapoishia. Upana wa aota inayopanda, mwanzo wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, napima moyo ukiwa umemaliza kujaa, mapigo 5, kisha wastani. Ripoti ya mwaka jana ikiandika sm 4.4 na leo nikipata 4.6, sisemi imekua. Milimita 2 zinaweza kuwa za mkono wa mpimaji tu. Nafungua picha ya zamani na kuipima upya mahali pale pale.

Halafu chumba cha juu cha kushoto. Presha ya miaka mingi hukakamaza aota, chumba cha chini kikasukuma kwa nguvu hadi ukuta wake ukanenepa na kushindwa kulegea. Damu inabanana juu, chumba kinatanuka, nyama yake inapata makovu, umeme unapoteza njia. Kikizidi ml 34 kwa kila mita ya mraba ya mwili, ni kikubwa.

Saa 7:00. Dawa. Katika kuhesabu alama za hatari ya kiharusi kwa wenye fibrilesheni ya atria, utando wa mafuta kwenye ukuta wa aota huongeza alama 1, na husahaulika mno. Nauliza pia kama kuna aliyeandikiwa siprofloksasini, antibiotiki: tangu 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya kuhusu aota kuchanika, na dawa hiyo huweza kuvuruga umeme wa moyo pia. Beta bloka, dawa za kupunguza kasi ya moyo na presha, husaidia pande zote mbili, aota na mapigo, ila vali ya aota ikivuja sana, moyo kwenda polepole huipa damu muda zaidi wa kurudi nyuma.

Saa 9:00 alasiri. Dharura wanaita: maumivu ya ghafla kifuani yanayochana hadi mgongoni, mapigo ovyo. Kosa la hatari ni kuona ECG tu na kukimbilia heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Presha ya juu mkono wa kulia 160, wa kushoto 125? Heparini isubiri, CT skani ya aota kwanza. Ikiwa imechanika, beta bloka hutangulia dawa ya kutanua mishipa, maana mishipa ikitanuka peke yake moyo hukimbia na mpasuko huendelea. Lengo: mapigo chini ya 60, presha ya juu 100 hadi 120, huku daktari wa upasuaji akiitwa.

Saa 10:30 jioni. Wodini, waliofanyiwa upasuaji wa aota. Siku ya 2 hadi ya 4 ndipo mapigo huvurugika zaidi. Potasiamu ya damu 3.6: inapandishwa juu ya 4, na magnesiamu inapimwa.