Siku moja ya mtembeza wageni katika msitu wa Jozani, Unguja

Saa 12:30 asubuhi. Kabla wageni hawajafika, tunaipita njia nzima. Matawi yaliyoanguka huondolewa. Nyoka akionekana hapigwi wala hachokozwi: tunasimama, anaenda zake. Masika maji hutuama chini ya mitondoo na mikadi, basi kandambili hazifai.

Saa 1:30. Wageni wa mwanzo. Chakula chote kibaki garini, hata ndizi ya mfukoni. Tumbo la kima punju, yaani kima wekundu wa huku, ni la majani machanga na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari huchacha humo likamdhuru. Tena aliyezoea kulishwa hujifunza kupora, na hapo ndipo watu hung'atwa.

Saa 3. Kazi yenyewe hasa. Kima hawa wamewazoea watu, na upole wao ndio unaomponza mgeni. Kanuni ni mita 3 kati yako na kima, yaani hatua nne hivi. Wamarekani huja na hesabu za dubu: kwenye hifadhi yao ya Yellowstone ni mita 91, na njiani watu hupaza sauti makusudi ili dubu asishtuke. Huku tunataka sauti ya chini. Kinachotushughulisha zaidi ni picha za kujipiga: mtu kampa kima mgongo, mkono kaunyoosha, hamwoni aliye tawini. Kima akikusogelea, rudi nyuma polepole, mikono chini. Mwenye mafua asiingie, maana maradhi yetu huwapata na wao. Na usisimame chini ya tawi walilokalia. Mkojo haujui mita 3.

Saa 6. Jua kali, kima wamejipumzisha. Tunawapeleka wageni mikokoni, kwenye njia ya mbao. Zikirowa zinateleza, basi hakuna kukimbia.

Saa 8. Sanduku la huduma ya kwanza hukaguliwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na kima aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ileile kwa ajili ya chanjo za kichaa cha mbwa na pepopunda, hata kama jeraha ni dogo. Wa nyoka avuliwe pete na saa, kiungo kifungwe ubao kisitikisike, abebwe. Kuchanja, kunyonya na kukaza kamba huzidisha madhara.

Saa 10. Kima wanavuka barabara. Matuta yamesaidia, lakini madereva wengine wakishayapita hukanyaga mafuta. Akivuka mmoja, subiri: nyuma yake kuna kundi.