Mstari Mmoja wa Idhini

Waraka wa mawanda ya mradi, yaani orodha ya kazi za kuwatengenezea wateja mfumo wa kompyuta wa maombi ya ununuzi, niliokwenda nao kikaoni ulikuwa na kurasa mbili. Mstari wa tano ulisema: "Mkuu wa idara aidhinishe maombi ya ununuzi." Pembeni niliandika siku 2. Kichwani mwangu kazi ilikuwa kitufe kimoja, safu moja kwenye hifadhidata na barua pepe moja.

Mtunza stoo, mama aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza, "Kijana, mkuu akiwa likizo nani anasaini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Tukachukua karatasi tukachora hali zote ambazo ombi linaweza kupitia: rasimu, limewasilishwa, limerudishwa lirekebishwe, limekataliwa, limeidhinishwa, limefutwa. Sita, nami nilihesabu mbili. Kisha mishale: nani analirudisha? Bei ikibadilika baada ya idhini, idhini inabaki? Hilo peke yake lilikula dakika 40. Tukakubaliana kwamba bei au idadi ikiguswa, ombi linarudi kuwa rasimu, na mfumo unaandika nani kagusa, saa ngapi, thamani ya zamani na mpya. Kaimu naye apewe mamlaka yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Yasiyo na mwisho husahaulika, mwenyewe akarudi kazini na kaimu bado anaidhinisha.

Nikakadiria upya: mambo yakinyooka siku 4, kawaida 7, yakienda mrama 16. Ile ya kawaida unaizidisha kwa 4, unajumlisha zile mbili, unagawanya kwa 6. Siku 8.

"Kuhamisha data ya zamani" sikuwa nimeipa hata siku moja. Faili la Excel lilipofunguliwa, msambazaji yuleyule ameandikwa kwa namna tatu, na 03/04 hakuna aliyejua ipi siku, upi mwezi. Kusafisha kukabaki kwao, sisi tukachukua kutengeneza kiolezo na kukagua.

"Ripoti mbalimbali" nikaifuta, maneno hayo hayana mwisho. Nikaomba za karatasi wanazotumia kweli. Zikaja 3.

Ukurasa wa mambo yaliyo nje ya mradi tuliuandika mwisho: programu ya simu, malipo, lugha ya pili. Kalamu ya kusaini ilikuwa imeshatoka mfukoni, mama yule aliposema, "Na kuchapa je? Mimi lazima niwe na karatasi mlangoni."

Nikaongeza siku 1.