Siku yangu jimu: kazi kubwa ni kuwazuia watu

Saa 11:30 alfajiri nafungua jimu, Kinondoni. Wa kwanza ni watu wa maofisini, wanaowahi kabla ya foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Dada mmoja mhasibu anaingia akitembea kama anayekanyaga miba. Juzi alipiga skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na uzito, kwenye jimu nyingine mpaka miguu ikagoma, na leo anataka tena.

"Kocha, hii ni asidi ya laktiki, nikifanya tena itatoka."

Laktiki huisha kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, kwa hiyo maumivu ya juzi hayawezi kuwa yake. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizochubuka, hasa wakati wa kushuka na uzito, na maumivu hayo hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Namuuliza rangi ya mkojo. Anacheka, lakini mimi siulizi kwa utani: ukiwa na rangi ya soda ya kola, safari ni ya hospitali, kwa sababu msuli umebomoka kiasi cha kuzidi figo nguvu. Wake ni wa kawaida. Leo ni mikono na kutembea kidogo, miguu ipumzike.

Saa 2, chai na mayai matatu. Yai moja lina protini gramu 6 hivi, na kwa bei ya hapa mtaani sijaona kopo la unga wa protini linaloyashinda.

Saa 4 jimu imetulia, napiga vyuma vyangu. Nimelala kwenye benchi, marudio matano ya kwanza chuma kinapanda kwa kasi ile ile. La sita linachelewa katikati. La saba linachelewa zaidi na kiwiko cha kushoto kinaanza kutoka nje. Nakirudisha chuma. Najua marudio mawili bado yamebaki mwilini, na nayaacha humo kwa makusudi, maana keshokutwa nabana tena kifua.

Saa 8 mchana anakuja kijana anayebeba magunia Tandale. Amekuwa na mahindi mgongoni tangu asubuhi. Wenzake wanamwona mvivu kwa seti mbili, yaani mizunguko miwili ya marudio, ninazompa. Gunia la kilo 100 nalo ni seti, mwambieni aliyebuni ratiba za mitandaoni.

Saa 11 jioni ndiyo vita. Vijana wamejaa, muziki juu, kila mmoja anataka mwenzake amshikie chuma kwenye rudio ambalo halipandi. Kwao, usipotetemeka hujafanya kitu. Nawaeleza jaribio la watafiti wa Hispania la mwaka 2017. Watu wale wale, uzito ule ule, marudio 30. Mara moja waliyapiga kwa seti 3 za 10, yaani mpaka mwisho wa uwezo. Mara nyingine kwa seti 6 za 5. Kazi ni moja, lakini walipofika mwisho wa uwezo, mwili ulichelewa kurudi kwa saa 24 hadi 48 zaidi.

"Kwa hiyo tusijitume, kocha?"

Jitumeni. Anayekuja mara moja kwa wiki afike mwisho akipenda, ana siku za kutosha za kupona. Na seti ya mwisho ya mkono, kwa dambeli ndogo, hata mimi naimaliza kabisa, haina gharama kubwa kwa mwili. Nisichokubali ni skwati na chuma cha kunyanyua kutoka sakafuni mpaka mgongo upinde, halafu kesho kutwa mtu yule yule anaulizia kwa nini kilo anazonyanyua zimeshuka. Nawapa sharti: kila seti ukimaliza, niambie ungeongeza marudio mangapi. Wageni hudanganyika, husema mawili kumbe yako matano, ndiyo maana naangalia kasi ya chuma kuliko mdomo.

Saa 2 usiku nafunga, nakula wali, maharage na dagaa kwa mama lishe wa pembeni.

Saa 3 ujumbe unaingia, mmoja wa vijana: "Kocha, mbona najisikia mwepesi? Kesho nirudie kifua?" Namjibu: kesho miguu, kifua Alhamisi, ongeza kilo mbili na nusu. Na zima simu, lala.